Maji mengi, maji machache, na hili la kuambiana "wewe bado hujabatizwa"

Kama wewe ni Mlutheri au Mkatoliki wa Tanzania hii nadhani ushaulizwa, iwe chuoni, kwenye basi, hata msibani: "ulibatizwa kwa maji mengi au maji machache?", yaani ulizamishwa mwili mzima au ulimiminiwa tu. Ukijibu ulibatizwa mtoto, maji kichwani, mwenzako anakuangalia kwa huruma kabisa alafu anakwambia basi wewe bado. Mimi ni Mlutheri na hilo "bado" linaniuma. Msimamo wake ni haki yake, anautoa kwenye Biblia ileile ninayosoma mimi, ila kuniambia miaka yote hii nasali, nashiriki meza ya Bwana, na bado sijaingia mlangoni, hapana.

Na tuwe wakweli, watu wa maji mengi hawajajitungia. Watakufungulia Yohana 3:23, kwamba Yohana alibatiza Ainoni kwa sababu kulikuwa na maji tele, watakuonyesha yule towashi Mkushi kwenye Matendo 8 akishuka majini na Filipo, watakupeleka Warumi 6 kwamba ubatizo ni kuzikwa pamoja na Kristo. Hoja nzito hizo. Sisi nasi tunawafungulia Matendo 16, Lidia alibatizwa na nyumba yake, na yule mlinzi wa gereza kule Filipi akabatizwa yeye na watu wake wote usiku uleule, sasa kwenye nyumba zote hizo hakukuwa na mtoto hata mmoja? Lakini andiko halisemi watoto walikuwepo, wala halisemi hawakuwepo. Hata Didake, ambayo ni mafundisho ya wakristo wa zamani sana, inaagiza kubatiza kwenye maji yanayotiririka, alafu inasema kama hakuna maji ya kutosha basi mmiminie kichwani mara tatu. Yaani wale waliokuwa karibu kabisa na mitume waliacha nafasi, sisi wa leo ndo tumeifunga.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba ugomvi huu ushawahi kuua watu. Felix Manz wa Zürich, kule Uswisi, alikuwa anasoma Maandiko pamoja na Zwingli, mtu mkubwa wa matengenezo ya kanisa, wakaja kuachana kwenye ubatizo wa watoto. Januari 1525 Manz na wenzake wakaanza kubatizana wakiwa watu wazima (na walimiminiana maji tu, shida yao ilikuwa umri, sio wingi wa maji), na Januari 1527 serikali ya mji ikamfunga mikono na kumzamisha mto Limmat, akafa. Waliomuua walikuwa wakristo, wanaopenda Neno, wenye uhakika kabisa na tafsiri yao. Na sisi Walutheri tusijifiche nyuma ya Zürich maana Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo kanisa langu linalishika mpaka leo, linawalaani watu wa aina ya Manz kwa kuwataja. Ilichukua mpaka mwaka 2010 ndo Fungamano la Kilutheri Duniani, likiwa limekutana Stuttgart, likaomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite, ambao ni uzao wa kiimani wa watu hao. Wamennonite hawa hawa wako kwetu tangu 1934, walianzia Shirati kule Mara. Ni majirani zetu, tunazikana nao. Na fundisho la ubatizo halijabadilika upande wowote, wao wanangoja mtu aamini, sisi tunabatiza watoto, na msamaha umeombwa hivyohivyo.

Sasa kwanini sisi tunashindwa? Kwenye ukoo wetu kuna binti aliambiwa hafungi ndoa na mchumba wake mpaka abatizwe upya, akaingia majini wiki ya harusi, analia, mama yake hakutokea. Hakuingia kwa kuamini, aliingia kwa kulazimishwa, na sijui hao wachungaji wanaohubiri kwamba ubatizo ni uamuzi wa mtu mwenyewe waliuonaje ule. Na upande wetu pia nimeona mtu anatengwa usharikani kwa sababu kaenda kuzamishwa mtoni, watu wanaacha kumsalimia kama kaiba sadaka. Paulo anawaambia Wakorintho anamshukuru Mungu hakubatiza wengi kwao, Krispo na Gayo, na nyumba ya Stefana, maana walikuwa wameshaanza kujigawa, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, akasema Kristo hakumtuma kubatiza bali kuhubiri Injili.

Mimi wanangu nitawabatiza watoto, na ukinikaribisha tujadiliane nitaitetea hoja yangu mpaka usiku. Ninachoomba kwa wachungaji wa pande zote ni kimoja tu, na kinawezekana hata Jumapili hii: anayetaka kubatizwa upya aje mwenyewe, kwa dhamiri yake, na asiyetaka asinyimwe ndoa, asinyimwe mazishi, na asiondolewe kwenye kwaya.