Siku Sauti ya Pili Walipomkimbia Shetani

Mwalimu wetu wa kwaya hawezi kufundisha wimbo bila kuufuatilia hadi kwa mababu zake. Ukimwomba nota ya kuanzia, anakupitisha Zama za Kati kwanza. Sisi wa sauti ya tatu tumeshazoea: tunakaa benchi la nyuma, tunatafuna karanga, tunamsubiri arudi.

Safari hii tulikuwa tunajiandaa kwa Misa ya Kipaimara. Askofu anakuja, sare mpya zimeshonwa, na katika wimbo wa shukrani kuna mahali, karibu na mwisho wa kila ubeti, ambapo sauti ya pili wanashika ti, nota ya saba ya ngazi ya do-re-mi, huku sisi tumeshika fa, nota ya nne. Mwalimu akasimamisha mazoezi. Akabonyeza fa na ti pamoja kwenye kinanda, akaziacha zilie. Zinakwaruzana kweli, na kila moja inataka kukimbilia kwao: ti inavutwa juu kwenye do, fa inateremkia mi.

"Hatua tatu nzima," mwalimu akasema, macho yanang'aa. "Nusu kamili ya oktava, yaani ya safari kutoka do hadi do ya juu yake. Waimbaji wa zamani wa kanisa huko Ulaya waliukwepa umbali huu, na ukaja kuitwa diabolus in musica. Shetani ndani ya muziki."

Hapo ndipo Mama Mlezi alipofunga pochi yake, pap!

Mama Mlezi anaimba sauti ya pili, mstari wa mbele, na mahali pangu ni nyuma ya kisogo chake. Hana mchezo na shetani. "Mwalimu," akaanza, kwa ule upole wake wa kutisha, "yaani miaka yote hii unatuimbisha shetani mbele ya altare?"

"Hapana, Mama, ni jina tu..."

"Na anayemwimba ni nani? Ni sisi au ni hawa?" Akageuka kunitazama.

Nikameza karanga bila kuzitafuna.

Mwalimu alijitahidi kuzima moto, na ukiniuliza mimi, lilikuwa somo zuri. Alieleza kwamba hizo habari za watu kutengwa na Kanisa kwa sababu ya fa na ti ni hadithi za vijiweni, hakuna amri ya Papa inayojulikana juu ya jambo hilo. Msemo wenyewe wa shetani unaonekana kwenye vitabu vya mwanzoni mwa karne ya 18, kama kile cha Johann Joseph Fux cha mwaka 1725, wakati Zama za Kati zilishazikwa zamani. Naye Guido wa Arezzo, yule mmonaki wa Italia wa karne ya 11 aliyetuachia ut, re, mi, fa, sol, la kutoka kwenye utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, alikuwa na silabi sita tu. Ti haikuwapo. Kilichowasumbua watu wale kilikuwa koo: kuruka kutoka fa hadi kwenye ile nota tunayoiita ti leo, bila ala ya kukuongoza, ni kazi, jaribu uone. Kwa hiyo mara nyingi walipoifikia waliishusha nusu hatua, wakaiita B laini (B ni herufi ya nota hiyo), na ukali ukaisha.

Katika maelezo yote hayo Mama Mlezi aliondoka na kitu kimoja tu: waliishusha.

Yaliyofuata tuliyajua baadaye. Sauti ya pili wana kundi lao la WhatsApp, la sala za asubuhi na mapishi, na humo likapitishwa azimio kwamba siku ya Askofu hakuna atakayeimba ti. Wakifika pale wataishusha iwe ta, mtindo wa watawa wa kale. Kitaalamu, lazima niseme, walikuwa na hoja. Ila watawa wa kale hawakuwa na kinanda cha umeme chenye spika mbili mgongoni mwao.

Siku ikafika. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri hadi pale mahali. Sisi tukashika fa. Sauti ya pili wakashusha ti ikawa ta. Kinanda, ambacho hakikuwa kwenye lile kundi, kikapiga ti ileile iliyoandikwa. Sasa kati ya ta na ti kuna nusu hatua tu, na zikilia pamoja utamkumbuka shetani uliyemfukuza na kutamani arudi. Mtoto mmoja wa Kipaimara aliziba masikio kwa mikono yote miwili, na msimamizi wake hakumkataza.

Mpiga kinanda wetu ni kijana asiyeviamini vifaa vyake hata kidogo. Akadhani kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo kimeguswa. Kuanza ubeti wa pili, akakibonyeza, kinanda chote kikashuka nusu hatua. Sauti ya kwanza, ambao hufuata kinanda, wakashuka nacho. Besi hawafuati mtu, wakabaki walipo. Sisi wa sauti ya tatu tuligawanyika, kila mtu na dhamiri yake. Na tulipofika pale mahali, ajabu: ti ya kinanda, kwa kuwa imeshashuka, ikaangukia barabara kwenye ta ya sauti ya pili. Kanisa zima hakuna watu waliopatana isipokuwa kinanda na wale kina mama. Mama Mlezi akaona Mungu amejibu. Akaongeza sauti.

Mwalimu akatoa ishara ya kukomesha. Wote tukanyamaza isipokuwa besi, ambao pia hawamtazami mwalimu, wakaendelea na ubeti wa tatu peke yao hadi "Amina".

Baada ya Misa, Askofu alikuja kutusalimu. Aliuliza kwa heshima kama mtunzi wa wimbo ule bado yu hai. Mwalimu akasema, ndiyo, Baba Askofu.

"Basi asije akausikia."

Kwenye kikao cha tathmini iliamuliwa tutafute nyimbo salama zaidi. Mmoja wa besi ni Mgogo wa Dodoma, akajitolea kutufundisha wimbo wa matoleo wa kwao, bila karatasi, kwa kusikiliza tu. Ni muziki wa jadi ileile ambayo Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliitembeza duniani na ilimba yake (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), wenye nota zinazofuata zile sauti zinazojizalia ndani ya uzi mmoja unaotetemeka. Mama Mlezi aliupenda papo hapo. "Hizi ndizo nyimbo za Kanisa," akatangaza, "hazina mambo ya Ulaya."

Mwalimu alikuwa pembeni anaunakili: do, re, mi, so, na ta moja iliyo chini kidogo ya ile ya kinanda. Akasita. Akahesabu kwa vidole kutoka mi hadi ta, akahesabu tena, kisha akanisogezea karatasi. Hatua tatu nzima, pungufu kiduchu. Nikamwomba kwa jina la Mungu asimsimulie mtu historia yoyote.

Mama Mlezi akapiga kigelegele, akataka turudie pale pale, kwa nguvu zaidi.