Tkitkitki

Hivi jamani kuna mtu hapa Dar ana gari isiyolia ndani? Simaanishi injini wala ekzosi, namaanisha ile tkitkitki ya kwenye dashibodi ambayo ukishaisikia mara moja tu ndo imetoka hiyo, hutasikia tena redio, hutasikia taarifa ya habari, utakuwa unaendesha umeinamisha kichwa kama kuku kasikia mwewe.

Yangu beibi woka tu, hivi vigari vidogo, sio kwamba nina makuu. Ilitoka Japani na kilomita zake elfu 90 na ile harufu ya gari ya mtu mstaarabu. Wiki ya kwanza kimya kabisa, sauti ilikuwa moja tu mle ndani, ya mdada wa Kijapani ambae kila ukiwasha anakwambia maneno marefu kwa adabu, baadae ndo nkaja kuambiwa ni kile kiboksi cha kulipia barabara za kwao, anasema kadi haijawekwa. Kadi naitoa wapi na mimi naishi Goba? Mwanangu Nasra akawa anamwamkia kila asubuhi, shikamoo. Mdada hajawahi kuitikia hata siku moja.

Sasa wiki ya pili nashuka ile njia yetu ya vumbi kwenda kuunga lami, tkitkitki. Nkazima redio, ipo. Nkazima feni, ipo. Nikikandamiza pale juu karibu na kioo inanyamaza, nikiachia inaendelea, kama mtoto anaelia huku anakuchungulia. Nimeenda mpaka Posta mkono mmoja kwenye usukani mwingine juu ya dashibodi, trafiki pale Mwenge akanipungia akajua namsalimia.

Mama Nasra nikamwambia sikiliza. Akasikiliza. "Mi sisikii kitu baba Nasra." Aisee! Huyu ni mwanamke ambae usiku akisikia bomba la jirani linadondosha maji ananiamsha niende kuangalia.

Basi Jumamosi nikaamua kuwa fundi. Nkatoa kila kitu kwenye gari: sarafu za mia na mia mbili kwenye kile kishimo cha pembeni ya gia, miwani ambayo niliitafuta miezi miwili, kwenye buti jeki haijakazwa inacheza tu na spana yake ya matairi iko huru kama mbuzi wa Idi aliyekata kamba. Nkakaza, nkafunga na matambara. Kile chuma cha mkanda wa abiria nacho kumbe kinagonga plastiki ya nguzo ya mlango, nkakifunga. Na unajua nini, kila nilichorekebisha kweli kelele ilipungua, ila nikagundua hizi kelele zinapanga foleni, ukiitoa kubwa iliyokuwa mbele basi ndogo iliyojificha nyuma yake inasogea dirishani inaanza kuhudumiwa. Na ile tkitkitki yenyewe haijaguswa.

Fundi wa kwanza hata ndani hakuingia. Kainama, katikisa tairi, "bosi hizi stabilaiza linki zimekufa". Kweli zilikuwa zimekufa, simsingizii, kabadilisha na ile ngongongo ya kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, ikaisha, nikalipa na ya soda nikampa. Natoka getini kwake, tkitkitki.

Nikarudi nyumbani na hasira nikachukua kandambili ya zamani nikaikata vipande, nikavichomeka kwenye ule upenyo kati ya dashibodi na kioo, kimoja, viwili, mpaka vitano, kila kimoja nakisukuma na kijiko. Nikatoka kujaribu. Tkitkitki imekufa! Nimefika kwenye tuta la kwanza nasikia kwiii. Tuta la pili, kwiii. Kumbe raba ikisuguana na plastiki inalia kama panya kabanwa mlango, na hapo mama Nasra ndo akasema "hiyo sasa naisikia".

Nkaipeleka kwa mtaalamu mtaa wa Gerezani, watu walinielekeza kuwa yule mzee ndo mwenyewe, dashibodi zote mji huu zimepita mikononi mwake. Nimefika saa saba mchana jua linachoma utadhani lina ugomvi na mtu, tukaingia kwenye gari yeye, mimi, vijana wake wawili, tukazunguka. Kimya. Tukapita kwenye mashimo, kimya. Tena kimya cha heshima kabisa, gari inateleza kama imetoka bandarini leo. Vijana wananiangalia kwa huruma. Nikaanza kuiga mwenyewe kwa mdomo, mzee, inafanya tkitkitki, namna hii, sikiliza, tkitkitki. Mtu mzima mwenye familia.

Mzee hakucheka. Akaniambia plastiki ikipigwa jua inatanuka inabana, asubuhi kukiwa na kaubaridi inajikunyata inaacha nafasi ndo inaanza kucheza, na hapa tumejaza watu wanne springi zimelala, utaisikia wapi? Akasema nitakuja kwako alfajiri.

Na akaja kweli, saa kumi na mbili na nusu yupo getini na kibegi chake. Tukashuka ile njia ya vumbi wawili tu, yeye anagongagonga dashibodi kwa kidole kama anachagua tikiti maji. Akafika sehemu akasimamisha kidole. "Hapa." Tukarudi, akachukua bisibisi bapa akafunika ncha na kitambaa, akaanza kufungua, ka, ka, ka, mpaka dashibodi yangu iko juu ya mkeka uani na waya zimetoka nje kama utumbo wa samaki. Klipu mbili zimevunjika, basi, vitu vidogo kama ukucha. Akaweka klipu nyingine, akabandika sponji, kandambili yangu akaitoa kipande kimoja kimoja bila kusema neno, na lile jicho lake sitalisahau. Kile kiboksi cha mdada nacho akakitoa, ati kitakuja kulia baadae.

Anamaliza kufunga, kwenye mkeka zimebaki skrubu tatu. Nkamuuliza hizi? "Aah, Wajapani hao, wanaweka skrubu nyingi mno."

Tkitkitki imeisha, haki ya Mungu, wiki ya tatu hii. Asubuhi ya kwanza Nasra kasema shikamoo, akasubiri, akauliza dada kaenda wapi, nkakosa jibu. Ila nafikiri skrubu hazikuwa tatu, zilikuwa nne, kwa sababu sasa nikikata kona ya kulia kuna kitu kinabingirika nyuma ya dashibodi taratibu, krrrrr, mpaka upande wa abiria, tok. Nikikata kushoto kinarudi kwangu, krrrrr, tok. Nimempigia mzee, kasema nilete, nikamwambia acha tu. Nasra huko nyuma yeye kashapata kazi, kila kona anatangaza, "imefika kwa mama", "imerudi kwa baba", na jana kwenye raundiabauti akapiga kelele, "baba, imegoma kwa mama, zunguka tena!"