Twiga wa Malindi na wageni wa sayari nyingine

Sinema za wageni wa sayari nyingine huniudhi mahali pamoja. Chombo kimetua, kiumbe mwenye macho sita ametoka, na kabla dakika kumi hazijaisha mtu keshatoa kidude cha kutafsiri, wanazungumza kama majirani barazani. Hapo ndipo ninapoitafuta rimoti. Sehemu tamu wameiruka.

Sisi wa Malindi sehemu hiyo tunaijua. Mchuuzi wa vinyago kule ufukweni, anayewauzia watalii wa Kitaliano, hakusomea lugha yao popote. Alianza na namba: uno, due, tre. Vitenzi vilikuja baadaye, tena kwa kuchechemea. Kumbe na wanasayansi, walipotaka kuwasemesha viumbe wa mbali, walianzia hapo hapo kwenye namba. Tarehe 16 Novemba 1974, kutoka mtambo wa Arecibo, Puerto Rico, walirusha ujumbe wa redio kuelekea M13, fungu la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru kama 25,000. Zilikuwa alama 1,679, za aina mbili tu. Mtu akijua kwamba 1,679 ni 23 mara 73, akazipanga mistari 73 ya alama 23, inajitokeza picha, na juu kabisa ni namba moja hadi kumi.

Uno, due, tre.

Lakini muulize mchuuzi kama namba zinatosha. Mteja akitaja bei kisha akakupa mgongo, amekataa au ndiyo kwanza anapatana? Mgongo ule nao ni maneno, na kwenye alama 1,679 haumo. Naamini hesabu tutaelewana siku ya kwanza, kisha tugombane miaka mia juu ya adabu.

Au tupotezane kwa furaha, kama ilivyotokea mwaka 1415, ujumbe wa Malindi ulipofika China na twiga. Wenyeji hawakuona twiga. Waliona qilin, mnyama wa ngano zao anayejitokeza zama za mtawala mwema, na mfalme wao akapongezwa kwa hilo. Nawawazia wazee wetu wamesimama pale, kimya, wakijua fika kuwa yule ni mla majani ya migunga wa bara tu.

Hadithi ya namna hiyo ningeinunua hata kwa bei ya mtalii: tumepeleka zawadi sayari ya mbali, wenyeji wanalia kwa shukrani kwa kitu ambacho hatukukipeleka, na balozi wetu anamfinya mwenzake asiseme neno.