Chumvi ya bibi na hesabu ya siku 14

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kwenye duka la dawa la mtaani. Alikuwa na kidonda ndani ya mdomo wa chini, kadiri ya punje ya mtama, cheupe katikati na chekundu pembeni. Siku ya tatu hiyo hagusi kachumbari. Muuzaji hakuuliza chochote. Alikata vidonge vinne vya rangi mbili, vya antibayotiki, akamwelekeza afungue kimoja na kumwagia unga wake juu ya kidonda. Nyumbani bibi aliutazama ule unga, akaguna, akaenda kuchemsha maji. "Sukutua na hii chumvi, mwanangu. Usimeze."

Wanaozipinga tiba za nyumbani wana hoja nzito. Vidonda vidogo vya aina hii, ambavyo madaktari wa meno huviita afta, hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14, wala haviachi kovu. Anayeanza kutafuna mwarobaini siku ya tano, siku ya tisa kidonda kimefunga, basi sifa zote zinakwenda kwa mwarobaini.

Sawa. Lakini mbona hesabu hiyo humbana bibi peke yake? Siku 7 hadi 14 ni zilezile kwa aliyenunua tyubu ya jeli ya ganzi, na kwa aliyemwagia unga wa kidonge. Jeli yenyewe kazi yake ni kutuliza maumivu mtu aweze kula. Kama kutuliza kunatosha kuitwa dawa kikiwa kwenye tyubu, sioni kwa nini kikitoka jikoni kiitwe ushamba. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, ndiyo hayohayo ambayo huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inawashauri wagonjwa wake wasukutue. Karafuu ina yujenoli, kitu kinachotia ganzi ambacho madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi. Asali nayo ilishindanishwa na dawa ya kupaka ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, huko Saudi Arabia, kwa wagonjwa 94, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliopaka asali walipata nafuu zaidi. Utafiti mmoja si msahafu, najua, ila muuzaji wa vidonge vya rangi mbili vya kunyunyiza hakututajia hata huo mmoja.

Hapo ndipo mjadala huu unaponikera. Tunamlinganisha bibi na daktari bingwa, wakati kwa kidonda cha punje ya mtama hakuna anayekwenda kwa bingwa. Tunakwenda dirishani, tunauziwa antibayotiki nusu dozi. Chumvi haifundishi vijidudu usugu.

Si kwamba kila cha asili ni salama. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza nyama ya mdomo, ndimu hukichoma kidonda bure, na mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. La kuogopesha zaidi ni kuchelewa. Kidonda kilichopita wiki 3, hasa kigumu pembeni na kisichouma, ni cha kupelekwa kwa daktari wa meno, na kwa mla tambuu au ugoro hakuna cha kusubiri, kwani popoo ya kwenye tambuu na tumbaku huleta saratani ya kinywa. Vidonda vinavyorudi kila mara navyo vyaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, au kinga iliyoshuka. Chumvi haiyaoni hayo. Ila hapa tena zile siku 14 zinamfaa bibi kuliko yeyote: zinamwonyesha mwisho wa zamu yake. Mwenye kuzihesabu hawezi kukaa na karafuu mdomoni miezi miwili.

Shangazi alisukutua asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Siku ya nane alikula ugali na pilipili, na sitasema ni chumvi iliyomponya. Vile vidonge vitatu vilivyosalia vimewekwa juu ya kabati. Juzi binamu yangu alikuwa anaviulizia, ana kikohozi.