Fundi wa kipande na ovataimu wapi na wapi?

Jamani hivi kuna mtu kashawahi kulipwa ovataimu kwa kazi ya kipande, au ni mie tu hapa Ngamiani, Tanga, ninayeota mchana? Januari hii sketi za shule zimetuandama, yale marinda yale, tunashona mpaka saa nne usiku, ukimgusia tajiri habari ya ovataimu anakutazama kama umeenda kumposa mkewe. "Fundi, we walipwa kwa kipande bwana, ukishona zaidi si umejiongezea mwenyewe?" Na wenzangu nao wanaitikia eti kweli kweli. Njaa mbaya.

Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Asiyelipwa kwa muda, kama sie wa kipande, anahesabiwa kama wa wiki, unachukua alichopata wiki 13 zilizopita, kama mgeni basi hizo hizo alizofanya, unatafuta wastani. Haya, tuseme jumla 1,170,000, gawa kwa 13 ni 90,000, gawa tena kwa zile saa 45 za kawaida za wiki ni 2,000 kwa saa, ovataimu mara moja na nusu, 3,000 hiyo. Siku ya mapumziko ya wiki, kwetu Jumapili, ni mara mbili kabisa, ila kwa tajiri Jumapili sio kazi, inaitwa "njooni tumalizie malizie".

Tabu iko kwenye hizo wiki 13, kumbukumbu ziko wapi? Za tajiri ziko nyuma ya boksi la nyuzi, kaandika "fundi mrefu 12" na mafundi warefu tuko wawili! Zangu nachora kwa chaki ya kukatia pembeni ya meza, mteja akibwaga kitambaa chake pale wiki nzima imefutika. Na huo wastani nao usiuchekelee, maana humo ndani kuna Novemba, kazi hakuna, umeme umekatika, tumekaa barazani na kahawa na kashata, halafu Januari mgongo unavunjika lakini saa yako inalipwa kwa bei ya Novemba. Kha!

Tajiri naye kaja na yake, ati sketi ya saa tatu usiku keshailipa 1,500 yake. Sawa, itoe basi hiyo kwenye ovataimu, ile nusu ya juu iko wapi? Kimya, anavuta lastiki. Wanasema Tanga waja leo kuondoka majaaliwa, ndo hela yangu hiyo, imeshaingia mfukoni kwake.

Juzi kakubali, tukafurahi weee, kumbe hajamaliza: ovataimu atalipa, ila kuanzia wiki ijayo sketi ni 1,000. Jamaa wa ovaloki ananiuliza, fundi, sasa wastani wetu si utashuka tena? Nimemwambia anipishe, nina zipu za kutia.