Kwani Daktari Akitazama Kitabuni Ndiyo Hajui?

Huku Leeds, Uingereza, mgonjwa akisema miguu imevimba tangu aanze amlodipini, dawa ya presha, daktari anageuza kioo cha kompyuta, anaandika jina la dawa na kusoma palepale, mgonjwa naye akitazama. Hakuna anayeguna. Ni kitu kidogo, ila ukikitaja kwenye magrupu ya nyumbani, maneno yanaanza: "Mmeshaanza madharau ya Ulaya."

Haya, tuseme ni madharau. Sasa jambo lilelile lipeleke Dodoma, OPD, kwa wagonjwa wa nje, saa nne asubuhi, benchi limejaa hadi nje. Tabibu akitoa simu mfukoni, watu watasema anachati. Akifungua kitabu, ndiyo kabisa: kumbe hajui! Basi anajikaza, anaandika furosemidi, dawa ya kukojosha maji. Mgonjwa anakojoa usiku kucha, potasiamu inashuka, miguu iko vilevile. Shida ya amlodipini si maji kuzidi mwilini. Inatanua ateri ndogo (mishipa inayopeleka damu) zaidi ya inavyotanua vena (inayoirudisha), maji yanavuja na kutuama kwenye kifundo. Unashusha kutoka miligramu 10 hadi 5, au unabadilisha dawa. Dakika mbili za kusoma zingetosha.

Enalaprili, nayo ya presha, ndiyo balaa zaidi, maana Dodoma kikohozi chochote cha kiangazi tunakitwisha vumbi. Kikohozi chake ni kikavu, na kinaweza kuanza wiki kadhaa au hata miezi baada ya dawa, kwa hiyo hakuna anayeunganisha. Inakuja dawa ya maji ya kikohozi, inakuja azithromaisini, mwisho makohozi yanapelekwa kupimwa TB. Kumbe kimeng'enya kinachozuiwa na enalaprili ndicho pia kinachovunja bradikinini, kemikali ya mwili wenyewe. Ikirundikana kwenye njia ya hewa, mtu anakohoa. Ukiiacha, wengi hupona ndani ya wiki moja hadi nne, wengine hadi miezi mitatu. Losatani, dawa nyingine ya presha, mara chache sana huleta hayo. Lakini midomo au ulimi ukivimba, hapo si maudhi madogo madogo tena: dawa inakoma moja kwa moja, mgonjwa anakimbizwa hospitali. Na sisi Waafrika hali hiyo hutupata zaidi.

"Wao wana BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza," mtasema. Kweli, na hapo hasira yangu inageukia upande wa pili: BNF ya bure kwenye tovuti ya NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, hufunguka ukiwa Uingereza, ukiwa Chamwino, mlango umefungwa. Lakini DailyMed, tovuti ya Marekani ya maelezo ya dawa, iko wazi kwa kila mtu. Andika jina halisi la dawa, siyo la kampuni, nenda kifungu cha 6 kwa maudhi, cha 7 kwa dawa zinazogongana. Kwenye jedwali la maudhi usisome safu ya dawa peke yake. Tazama na ya waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa kulinganisha. Kama vichwa viliwauma sawasawa, usiisingizie dawa.

Kwa CTC, kliniki za HIV, Chuo Kikuu cha Liverpool kina ukurasa wa bure: unaweka dawa mbili, unapewa rangi ya kuonyesha kama zinagongana. Jaribu dolutegraviri ya HIV na metformini ya kisukari. Ya kwanza inaipandisha ya pili mwilini, ndiyo maana metformini kwa kawaida hukomea miligramu 1,000 kwa siku. Na mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma anywe TLD, kidonge cha HIV chenye dolutegraviri, masaa 2 kabla au masaa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula. Wangapi huambiwa hivyo dirishani?

"Wewe huna wagonjwa themanini kwa siku." Sikatai. Wala huku si peponi: kompyuta inatoa maonyo mengi mpaka madaktari wanayafunga bila kusoma. Tabibu wa Kongwa atabonyeza kifundo kwa kidole na kuuliza kama umekunywa miti shamba. Kompyuta ya huku haikuulizi hivyo. Sijasema msome kwa wote themanini. Someni kwa yule ambaye lalamiko lake limekuja baada ya dawa mpya, na likiwa zito jazeni fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania.

Na lile kopo la vidonge 1,000 lina karatasi moja tu ya maelezo, ambayo anayefungua kopo huitupa, kisha mgonjwa anaondoka na kibahasha kilichoandikwa 1x2. Karatasi hiyo ibandikeni ukutani, pale dirisha la dawa. Haihitaji bando.