Chipukizi wa tamthilia: ashikilie nafasi au arudi darasani?

Binti anayeigiza mke mdogo kwenye tamthilia ya jioni hawezi kupanda daladala Mwenge bila kondakta kumwita kwa jina la mhusika wake na kumuuliza anamtesea nini mke mwenzake. Ana miezi minane tu tangu apate nafasi hiyo, ya kwanza katika usanii wake, na tayari wanaomtakia mema wamegawanyika: wapo wanaomwambia ashikilie hapo hapo, na wapo wanaomtaka aende kusomea fani kwanza.

Wa kundi la kwanza hupenda kumtaja Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyejulikana kupitia kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilirushwa na ITV; alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, alikuwa ameshaigiza na wasanii wa Nigeria. Mfano huo ni wa kweli, ila nadhani unatumiwa vibaya. Makundi ya wakati ule yalikuwa na mazoezi, na chipukizi alikaa na wakongwe waliomsahihisha hadharani, pengine kwa ukali. Tamthilia ya leo humpokea mtu akiwa peke yake.

Nilishinda siku moja kwenye nyumba ya kurekodia huko Mbezi. Skripti ilikuwa imetumwa asubuhi hiyo kwa WhatsApp. Binti huyo alitakiwa kupokea habari ya msiba wa mama yake. Akainua nyusi, akashika kifua, akavuta pumzi, vilevile kabisa alivyofanya saa moja kabla alipofumania simu ya mumewe. Muongozaji aliliona hilo, nina hakika, kwa sababu alikuna kichwa na kuangalia saa. Nyumba ilikuwa imekodiwa kwa siku, sini sita zilikuwa bado, na jirani alishawasha jenereta. Akasema, "Inatosha, twende nyingine."

Kwa hiyo hoja ya darasa ina uzito. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, na huko mwanafunzi hufundishwa kutumia sauti na mwili wake jukwaani, mbele ya watu wanaoweza kuguna akikosea. Lakini masomo yana ada, na soko la CD na DVD lililowalisha watangulizi limeshakufa. Wanunuzi wakubwa wa kazi sasa ni chaneli za kulipia, nazo hutafuta sura ambazo watazamaji wamezizoea. Anayesubiri kuiva kwanza atasubiri akila nini?

Hata lile jina la mhusika linalomfuata barabarani silioni kuwa balaa tupu. Marehemu Amri Athumani, mchekeshaji, alijulikana kwa wengi kama Mzee Majuto, na jina hilo lilimlisha hadi uzeeni. Tofauti ni kwamba jina la Majuto lilikuwa lake, alihama nalo kutoka kazi moja hadi nyingine, wakati jina la mke mdogo ni mali ya mtayarishaji.

Ningekuwa mjomba wake, ningemwambia abaki, lakini ajadiliane upya kuhusu mkataba. Ule aliosaini unamzuia kuigiza popote pengine hadi tamthilia iishe, bila kutaja itaisha lini, na hata mchezo wa jukwaani wa wikiendi moja ni lazima auombee ruhusa ya maandishi. Alinionyesha kipengele hicho kwenye simu yake, akiwa bado na wanja wa msiba mashavuni.